Sura ya 5: Harita 108

Mfalme alikuwa amechoka. Nchi yake ilikuwa ndogo, majambazi hawakuisha kuivamia, bei ya nafaka ilikuwa imepanda, na maradhi yalikuwa yakihama nyumba hadi nyumba. Mafundisho ya Buddha aliyaheshimu, lakini aliyaona mapana na ya kina mno kwa mtu anayeamkia shauri jipya kila asubuhi. Akatuma mjumbe na ombi moja: apewe jambo la msingi, jepesi, aweze kulishika mchana na usiku huku akitawala.

Jibu lilikuwa dogo kuliko alivyotarajia. Atafute harita 108, azitunge katika uzi mmoja, asiachane nazo akitembea, akikaa wala akilala. Atulize moyo, amtaje Buddha, ayataje Mafundisho na aitaje Jumuiya ya wafuasi, kisha apitishe kokwa moja kidoleni. Ataje tena, apitishe nyingine. Kumi, ishirini, mia, elfu. Akifika mara 200,000 bila mwili na moyo kuvurugika, atazaliwa mbinguni. Akifika milioni moja, vifungo 108 vinavyomfunga binadamu vitakatika.

Kisa hiki kimo katika sutra fupi ya Kichina iliyopewa jina la kokwa hizo hizo. Orodha za kale zinaiweka katika enzi ya Jin ya Mashariki, kati ya mwaka 317 na 420, na jina la mfasiri wake limepotea. Kwa mamilioni ya Wabuddha wa China, Korea na Japani, hapo ndipo asili ya tasbihi yao, na ndipo asili ya bangili ya shanga ambayo leo unaiona katika mikono ya watawa, madereva wa teksi, wanafunzi na wafanyabiashara kuanzia Lhasa hadi Tokyo.

Harita si neno geni kwetu pwani. Ni tunda la mharita, mti wa jamii ya Sapindus. Nyama ya tunda hilo ikisuguliwa ndani ya maji hutoa povu, na kabla ya sabuni za viwandani watu wa Asia na wa pwani za Bahari ya Hindi walilifulia nguo, hasa zile laini zisizovumilia kukamuliwa kwa nguvu. Ndani mna kokwa moja, nyeusi, ngumu, ya mviringo. Kwa Kichina mti huu una jina lenye maana ya kukosa balaa. Nyama inafua nguo. Kokwa, kwa mujibu wa sutra, inafua moyo. Ninaipenda sana hekima ya uchaguzi huo. Mfalme mwenye hazina ya dhahabu aliambiwa atumie kokwa ambayo dobi huitupa akishamaliza kufua.

Majina mawili

Aliyekulia karibu na msikiti anaujua mkono wa mzee anayevuta uradi. Kidole gumba kinafanya kazi peke yake, macho yako mbali, midomo inachezacheza bila sauti. Aliyekulia karibu na kanisa Katoliki anaijua rozari ya bibi, iliyolainika kwa miaka ya kushikwa. Msomaji wa Kiswahili basi haanzi na mikono mitupu anapofika kwenye tasbihi ya Wabuddha. Zana yenyewe anaijua; kilicho kipya kwake ni fikra iliyomo ndani ya zana hiyo.

Nchini India, ambako mazoea haya yalianzia, tasbihi huitwa *japamala*. *Japa* ni kutaja neno takatifu kwa kurudiarudia, mara nyingi kwa sauti ya chini. *Mala* ni shada la maua, kama lile linalovishwa shingoni mwa bwana harusi au mgeni wa heshima. Wahindu na Wabuddha wamelitumia pamoja kwa karne nyingi, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba kutoka India desturi ya kuhesabu sala kwa shanga ilisafiri kuelekea magharibi mpaka ikawafikia Waislamu.

Wachina na Wajapani waliipa zana hii majina mawili, na katika majina hayo ndimo ilimo sura yangu yote. Jina la kwanza, ambalo Wajapani hulitamka *juzu*, maana yake ni shanga za kuhesabu. Jina la pili, *nenju*, maana yake ni shanga za kukumbuka. Mtu huyo huyo anaweza kuyatumia yote mawili kwa siku moja bila kufikiri. Lakini kuhesabu na kukumbuka ni kazi mbili tofauti, na ukifuatilia historia ya tasbihi hii utaona watu wenye imani kubwa wakihangaika na swali moja: idadi inamsaidia mtu kukumbuka, au inamsahaulisha?

Kwa wale kati yetu waliozoea neno dhikri, ambalo kwa Kiarabu nalo ni kukumbuka, swali hilo haliko mbali.

Sita mara tatu

Kwanza tuielewe hesabu yenyewe. Kwa nini 108?

Maelezo yako mengi, na lile lenye mizizi katika mafundisho ya kale linaanza na mwili. Binadamu ana milango sita ya kuingiza ulimwengu: jicho, sikio, pua, ulimi, ngozi na akili. Wabuddha huihesabu akili kama mlango kwa sababu wazo nalo huingia, tena bila hodi. Kila kinachopita katika mlango wowote huacha mojawapo ya hisia tatu: ya kupendeza, ya kuchukiza, au isiyo hivi wala vile. Sita mara tatu ni 18. Kila moja ya hizo 18 inaweza kutoka katika maisha ya kushikamana na dunia au katika maisha ya kuiachilia, tukapata 36. Na kila moja ya hizo 36 inaweza kuwa ya jana, ya leo au ya kesho. Tatu mara 36 ni 108. Hesabu hii ya hisia 108 imo katika maandiko ya Kipali, miongoni mwa ya kale zaidi tuliyonayo katika Ubuddha.

Tazama basi kinachofanyika mtu anapopitisha shanga. Anapita mbele ya kila njia ambayo moyo unaweza kutekwa: harufu aliyoitamani jana, sauti inayomuudhi sasa hivi, wazo la kesho linalomnyima usingizi. Hakuna iliyoachwa nje ya uzi. Usiku wa tarehe 31 Desemba mahekalu ya Japani hugonga kengele kubwa mara 108 kwa maana hiyo hiyo, ili mwaka mpya uwakute watu wamekwisha kupungukiwa na mzigo.

Na hapa ndipo bangili inapopata nafasi yake. Uzi wa shanga 108 ni mrefu. Huning'inia shingoni, au huzungushwa mara kadhaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, kama Watibeti wengi wanavyofanya. Tasbihi zikatungwa fupi zaidi, na mafundi hawakukata ovyo. Shanga 54 ni nusu. Zungusha mara mbili. Shanga 36, mara tatu. Shanga 27, mara nne. Shanga 18, mara sita. Bangili ya shanga 18 ndiyo inayonigusa zaidi, kwa sababu 18 ni lile jawabu la kwanza la hesabu yetu: milango sita, hisia tatu. Wachina huieleza pia kwa njia nyingine: milango sita, vitu sita vinavyoingia humo, na fahamu sita zinazozaliwa vikikutana. Kwa njia yoyote, anayeivaa amejifunga mkononi ramani nzima ya namna binadamu anavyoguswa na dunia.

China ya enzi ya Qing ilizipandisha shanga hizi hadi ikulu. Maofisa wa ngazi za juu walivaa kidani cha shanga 108 juu ya kanzu zao rasmi, mtindo uliotokana na tasbihi ya Kibuddha, na wanawake wa tabaka la juu walining'iniza kamba ya shanga 18 kwenye kifungo cha vazi kifuani. Yakuti, lulu, marijani na kaharabu zilitumika. Aliyeziona alijua mara moja cheo cha mvaaji. Kazi ya kuhesabu sala ilikuwa imeondoka, na ya kukumbuka pia. Kilichobaki ni umbo. Nalitaja hili kwa sababu watu hudhani kwamba kuvaa tasbihi kama pambo ni ugonjwa wa zama zetu. Ni hatari ya zamani, na imo ndani ya kila kitu kizuri kinachoweza kuvaliwa.

Nane za kufidia

Tuhamie Tibet, kwa watu walioichukulia kazi ya kuhesabu kwa uzito wa ajabu.

Mtibeti mwenye ibada huanza na shanga iliyo jirani na ile kubwa. Shanga kubwa ina heshima ya pekee. Kwa wengi inamwakilisha mwalimu, na Wajapani huiita shanga mzazi. Kidole gumba kinavuta shanga moja juu ya kidole cha shahada, ulimi unataja maneno, mara nyingi sana yakiwa ni *Om mani padme hum*, yanayomwita Chenrezig, mwenye huruma. Inafuata nyingine, na nyingine. Uzi ukiisha na vidole vikafika kwenye ile kubwa, desturi ya wengi ni kutoivuka. Huigeuza tasbihi na kurudi walikotoka, kama mtu asiyemruka mwalimu wake aliyeketi.

Kwa anayehesabu maelfu, uzi mmoja hautoshi. Kwa hiyo tasbihi za Kitibeti huwa na nyuzi mbili ndogo za pembeni, kila moja ikiwa na vipete kumi vya chuma na kidude mwishoni, kimoja cha umbo la kengele na kingine cha umbo la radi, alama mbili za ibada yao. Mzunguko mmoja ukiisha, kipete kimoja kinasogezwa upande wa kwanza. Vikiisha vyote kumi, kinasogezwa kimoja upande wa pili. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mafunzo ya juu hutakiwa kutimiza mazoezi kadhaa, kila moja mara 100,000. Bila vipete hivyo angepotea njiani.

Lakini sikiliza wanavyohesabu. Mzunguko wa shanga 108 huandikwa kuwa 100 tu. Zile nane zilizobaki hazihesabiwi. Ni za kufidia. Zinafidia neno lililotamkwa nusu, shanga iliyopita bila kutajwa kitu, na sekunde ambazo akili ilikwenda sokoni ikarudi. Ndani ya zana yenyewe umewekwa msamaha wa udhaifu wa anayeitumia. Hakuna anayedhani kwamba utakaa na moyo mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Umeshatengewa fungu la kusahau.

Maharage ya Daochuo na nyuzi za Awa no Suke

Katika karne ya 6 na ya 7, kaskazini mwa China, mtawa Daochuo (562–645) wa hekalu la Xuanzhong alifundisha njia ya Nchi Safi: kwamba mtu wa kawaida, asiye na elimu wala nafasi ya kutafakari pangoni, anaweza kumtegemea Buddha Amida kwa kulitaja jina lake. Watu wake walikuwa wakulima, wanawake wenye watoto mgongoni, wazee. Wahesabu vipi? Daochuo aliwafundisha wahesabu kwa maharage na nafaka ndogo ndogo: taja jina, weka punje moja. Yeye mwenyewe alitunga kokwa za harita na kuwagawia watu. Kile alichopewa mfalme kikafika shambani.

Miaka 500 baadaye, Japani, mtawa Honen (1133–1212) aliibeba njia hiyo hiyo. Inasimuliwa kwamba alilitaja jina la Amida mara 60,000 kwa siku, na uzeeni akafikia 70,000. Siku nzima, usiku na mchana, ina sekunde 86,400. Mtu anayetaja mara 60,000 hana tena muda unaoitwa wa sala na mwingine unaoitwa wa kazi. Sala imekuwa kama pumzi, na hesabu imejimaliza yenyewe kwa wingi wake.

Miongoni mwa wafuasi wake alikuwamo mpiga ramli wa zamani aliyeitwa Awa no Suke. Huyu ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa tasbihi yenye duara mbili ambayo waumini wa Jodo, dhehebu la Honen, wanaitumia mpaka leo. Alikuwa akishika tasbihi mbili: moja kwa kuhesabu anavyotaja, nyingine kwa kuhesabu mizunguko ya ile ya kwanza. Fundi wa kuhesabu kweli.

Siku moja, simulizi linasema, Honen alimuuliza mmoja wa wanafunzi wake wasomi: kutaja kwangu na kutaja kwa Awa no Suke, kupi ni bora? Mwanafunzi akajibu kwa adabu kwamba bila shaka kwa mwalimu. Honen hakufurahi. Alimwambia kwamba hajaelewa alichofundishwa miaka yote hiyo. Awa no Suke anasema niokoe, Amida; na mimi nasema niokoe, Amida. Tofauti iko wapi?

Kila ninapolifikia simulizi hili huwa nasimama kidogo. Msomi mkubwa wa zama zake na mpiga ramli wanashika uzi wa namna moja, wanataja jina moja, na mzani uko sawa. Shanga haimjui anayeigusa. Haina punje za wasomi na punje za wengine. Kama kuna kitu kimoja tu ambacho ningependa msomaji aondoke nacho kuhusu bangili hizi, ni usawa huo.

Ndipo akaja mwanafunzi mwingine wa Honen, Shinran (1173–1263), aliyekwenda hatua moja mbele. Kama wokovu unatoka kwa Amida, basi kuhesabu tunahesabu nini? Kumtaja ni kushukuru, na shukrani haina daftari. Warithi wake wa dhehebu la Jodo Shinshu hawakuzitupa shanga. Walizibakiza mikononi kama alama ya heshima wanapokunja viganja mbele ya Amida, lakini wakazifunga. Fundo linalohusishwa na kiongozi wao Rennyo (1415–1499) hukazwa kwenye nyuzi za kishada kwa namna ambayo shanga haziwezi kutumika kuhesabia. Nina hakika hakuna fundo lililofungwa kwa fikra nyingi kama hilo. Zana ya kuhesabu imefungwa isihesabu, ili ibaki kukumbuka peke yake.

Awa no Suke na Rennyo, mmoja mwenye nyuzi mbili za hesabu, mwingine mwenye fundo la kuizuia, ni watoto wa nyumba moja. Ukinilazimisha kuchagua, sitachagua. Yuko mtu ambaye bila idadi hafiki popote, na yuko ambaye idadi inamgeuza mweka hazina wa thawabu zake. Kila mmoja na amjue mgonjwa aliye ndani yake.

Mti, kokwa na pembe

Sasa tuishike bangili tuitazame imetengenezwa na nini.

Inayotafutwa sana ni ile inayoitwa ya bodhi, kwa jina la mti ambao chini yake Buddha alipata nuru, pale Bodh Gaya, jimbo la Bihar nchini India. Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kuuona mti wa aina hiyo bila kusafiri, kwa maana hekalu la Kibuddha la Upanga, lililoanzishwa na Wasinhala wa kutoka Sri Lanka, lina mbodhi wake. Lakini ukiokota tunda lake ukalipasua utashangaa. Mbodhi ni ndugu wa mkuyu, na mbegu zake ni chembe ndogo kama zile za kuyu. Hakuna keekee duniani inayoweza kutoboa chembe hiyo ikapitishwa uzi. Shanga za bodhi basi zinatoka katika miti mingine, na jina limekuja kwa heshima.

Maarufu kati ya hizo hutoka Timal, katika wilaya ya Kavrepalanchok, mashariki ya Kathmandu nchini Nepal. Ni kokwa za mti wa jamii ya mkunazi, ambao wanasayansi wameupa jina la Ziziphus budhensis. Katika biashara hii kidogo ndicho cha thamani: kokwa ndogo huuzwa ghali kuliko kubwa, kwa sababu ni adimu. Wanunuzi kutoka China hufika vijijini na kuununua mti mzima kabla matunda hayajakomaa, na wenye miti wameizungushia uzio na kuiwekea walinzi. Kwa wakulima wa milimani ni neema ambayo babu zao hawakuiota. Huko Beijing, katika soko kama la Panjiayuan, shanga hizo huwa kitu cha wakusanyaji, wanaozisugua kwa vidole miezi na miaka mpaka zibadilike rangi na kung'aa. Mng'ao huo uliwahi kuwa ushahidi wa sala. Leo unaweza kuwa ushahidi wa subira tu, ingawa subira nayo si haba.

Ziko malighafi nyingine: sandali yenye harufu, rudraksha yenye mikunjo, mbegu za yungiyungi, bilauri ya mawe, marijani. Watibeti hupanga kwa kazi: nyeupe na angavu kama bilauri kwa sala za kutuliza, dhahabu na shaba kwa sala za kuongeza baraka. Wana hata tasbihi za mifupa, zinazomkumbusha mshikaji kwamba vidole vinavyosogeza shanga navyo vina mifupa.

Kuna malighafi moja ambayo Mwafrika Mashariki hawezi kuitaja kwa sauti hiyo hiyo. Ni pembe ya ndovu. Mwaka 2009 Tanzania ilikadiriwa kuwa na tembo takriban 109,000. Hesabu ya mwaka 2014 ilikuta takriban 43,000. Pembe zilizovuka bahari zilichongwa mapambo, mihuri, sanamu za dini zaidi ya moja, na ndani ya mzigo huo zilikuwamo shanga za sala. China ilifunga soko lake halali la pembe mwishoni mwa mwaka 2017, na hatua hiyo inastahili kushukuriwa. Lakini nataka swali libaki kwa kila anayeshika tasbihi ya aina yoyote. Amri ya kwanza ya maadili ya Mbuddha ni kujizuia kuua chenye uhai. Ni neno gani takatifu linaloweza kutajwa juu ya ushanga uliotoka kwenye fuvu la mama aliyepigwa risasi mbele ya ndama wake? Mfalme aliambiwa atafute harita. Hakuambiwa aende kuwinda.

Hirizi au kazi

Watu wengi huvaa bangili hizi kwa ajili ya kinga: ajali isiwapate, mtihani usiwashinde, biashara isilale. Mahekalu mengi huzibariki kwa ibada maalumu kabla ya kuzitoa, na mama wa Kijapani au wa Kichina anayemvisha mwanawe bangili siku ya kusafiri anafanya kile ambacho mama yeyote angefanya. Siwezi kuudharau mkono huo. Hofu ya mzazi haina dini.

Hata hivyo, sutra ya harita haikumpa mfalme hirizi. Hirizi hufanya kazi wewe ukiwa umelala. Kokwa hizi zilihitaji kidole, ulimi na moyo vifanye kazi pamoja, mara milioni moja. Nilipiga hesabu. Mtu anayemaliza mzunguko mmoja wa 108 kila siku atafikisha milioni baada ya miaka zaidi ya 25. Kwa bangili ya shanga 18 ni mizunguko 55,556. Ahadi ya sutra ni kubwa, lakini bei yake ni umri.

Kwa anayetaka kujua namna inavyotumika, njia ni fupi. Ivue mkononi, ishike, anzia penye shanga kubwa kama ipo. Anayefuata Nchi Safi hulitaja jina la Amida. Nchini Myanmar, wazee wenye tasbihi ya shanga 108 hutaja sifa za Buddha, au maneno matatu ya kukumbusha kwamba vyote hupita, vyote vina maumivu, na hakuna kinachoweza kuitwa changu. Wengine hawataji kitu. Shanga moja, pumzi moja. Akili ikitoroka, usigombane nayo. Kidole kitakuambia ulipoishia. Ukimaliza, usiiweke sakafuni wala usiivae chooni. Kwa Wajapani, tasbihi ni ya mtu binafsi. Huendi na ya kuazima msibani.

Na itakatika. Uzi wa pamba huliwa na jasho, wa mpira huchoka. Japani wapo wanaosema uzi uliokatika umebeba balaa iliyokuwa ikukute wewe. Mafundi wa Kyoto huzipokea shanga hizo kila siku, huzisafisha na kuzitunga upya kwa uzi mpya, kwa maana inaeleweka kuwa shanga zitaishi kuliko uzi, na pengine kuliko mwenyewe. Kiswahili kinatumia neno moja, kutunga, kwa shanga, kwa samaki na kwa mashairi, na katika yote matatu kilicho kigumu ni kile kinachopita katikati bila kuonekana.

Siku itakayokatika, shanga zitatawanyika chini ya kitanda, nyuma ya mlango, kwenye pembe usizozifagia. Mwenye bangili atapiga magoti kuzitafuta. Ataokota moja, aifute vumbi, aiweke kiganjani. Atafute ya pili. Atataka kujua kama zimetimia, kwa hiyo atahesabu. Na kwa muda huo wote, akiwa amepiga magoti na mkono umejaa, hatakuwa anawaza kitu kingine.